Dondoo muhimu: Gari la umeme na asubuhi ya baridi kali

Ukiishi Minneapolis, Toronto au Oslo, usingoje mpaka uingie garini ndipo uwashe hita. Weka saa ya kuondoka kwenye programu ya gari na uliache limechomekwa kwenye chaja. Litajipasha lenyewe kwa umeme wa nyumbani, na chaji ya betri ibaki kwa safari.

Taja saa unayotoka kweli. Ukipanga saa 1 asubuhi (kwenye skrini ni 7:00) kisha ukaondoka saa 2, joto limeshapotea na bili ni yako.

Kagua kinachopashwa, maana baadhi ya magari hupasha sehemu ya abiria tu. Betri ikiwa baridi hupokea chaji polepole, na breki zinazorudisha umeme hulegea. Usishtuke ukiachia pedali gari likazidi kuteleza kuliko ulivyozoea. Ukienda kwenye chaja ya kasi, iweke kama kituo kwenye ramani ya gari lenyewe, si ya simu. Tesla, kwa mfano, huanza kupasha betri ikiwa njiani kwenda Supercharger.

Soketi ya kawaida ya Marekani, ya volti 120, hutoa takriban kilowati 1.4, na hita inaweza kula zaidi ya hizo. Asilimia chache zikishuka, si hitilafu.

Gereji iliyofungwa? Pasha tu, gari hili halitoi moshi. La petroli usithubutu.