Ushuru wa Nyuzi Zisizotoka Getini

Kiwanda kinasokota nyuzi na kufuma vitambaa chini ya paa moja. Nyuzi hazijauzwa. Zitozwe ushuru kwa lipi?

Wenye viwanda vya nguo nchini India waliuliza hivyo hivyo. Ushuru wa bidhaa huzaliwa kitu kinapotengenezwa, si kinapouzwa, ila kanuni ziliagiza ukusanywe kinapoondolewa kilipotengenezwa. Wakang'ang'ania hapo: nyuzi zilizohama kutoka mashine hadi mashine zimeondoka kwenda wapi? Februari 1982 serikali ikarekebisha kanuni ya 9 na ya 49: kinachotumika humo humo kuzalisha kingine kihesabiwe kimeondolewa. Bunge likayarudisha nyuma marekebisho hayo hadi 1944.

Wakadaiwa miaka 38?

La, na hapo ndipo penye utamu wa kesi ya J.K. Cotton ya 1987. Mahakama ya Juu iliyakubali marekebisho, pamoja na kurudi nyuma kwake. Lakini kifungu cha 11A cha sheria ya ushuru huo, kilichoweka ukomo wa miezi 6 wa kudai ushuru ambao haukulipwa, Bunge halikukigusa. Serikali ikashinda hoja, mkono wake ukafungwa na kalenda. Kwa maoni yangu ilistahili: anayetaka kufukua hesabu za kale aseme waziwazi ndani ya sheria.

Ukomo huo upo hadi leo?

Ulifika mwaka 1 mnamo 2000, kisha miaka 2 mnamo 2016. Aliyedanganya au kuficha kwa nia ya kukwepa hudaiwa hadi miaka 5. Maofisa hupenda sana neno "kuficha". Katika kesi ya Pushpam, 1995, mahakama ilisema kunyamazia jambo ambalo pande zote mbili zinalijua si kuficha.

Je, kila kinachopita mashineni ni bidhaa?

Hapana; bidhaa ni kile kinachojulikana na kuuzika sokoni. Mwaka 1962, katika kesi ya Delhi Cloth, serikali ilitaka kutoza mafuta yaliyo katikati ya safari ya kuwa vanaspati, yaani mafuta ya mimea ya kupikia yaliyogandishwa. Ikashindwa: kabla ya kuondolewa harufu, hayakuwa mafuta safi yanayojulikana sokoni. Mzigo wa kuthibitisha soko lipo ni wa mtoza ushuru.

Tangu Julai 2017 kodi ya bidhaa na huduma imechukua nafasi ya ushuru huu kwa bidhaa nyingi, ingawa mafuta ya petroli na tumbaku bado zinatozwa. Mwenye kiwanda, usije ukaambiwa umeficha: ieleze ofisi ya ushuru kila hatua ya uzalishaji kwa barua, na utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa.