Ziwa Likifungwa: Matengenezo ya Boti na Taa Zake

Ndugu wafanyakazi, kiwandani mtambo husimamishwa ili utengenezwe. Wenzetu wavuvi wa Ziwa Tanganyika, katika nchi jirani ya Tanzania, walipata nafasi ya namna hiyo mwaka 2024, ziwa lilipofungwa tangu Mei 15 hadi Agosti 15.

Hicho ni kiangazi. Boti ya mbao ikiachwa juani hukauka na nyufa hufunguka. Ifunikwe kwa nyasi, kisha ikalafatiwe kwa pamba kabla ya kurudi majini.

Kazi kubwa iko kwenye taa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga. Zamani karabai, siku hizi wengi wana taa za betri. Tupige hesabu. Taa 8 za wati 10 ni wati 80. Zikiwaka kwa muda wa saa 10, ni wati-saa 800. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea-saa 67 hivi. Betri ya gari ya ampea-saa 70 yaonekana inatosha. Haitoshi! Betri ya maji ikinyonywa kupita nusu kila usiku hufa upesi. Zinatakiwa mbili za aina moja na umri mmoja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na fyuzi karibu na chanya. Ziwa likiwa limefungwa, zichajiwe kila mwezi. Betri iliyolala bila chaji haiamki.

Tunalisisitiza hili kwa sababu gharama kwa kawaida hukatwa kabla ya mgawo. Betri ikifa, mvuvi naye ameilipia. Basi siku tajiri anapokwenda dukani, wavuvi wawe naye, hesabu mkononi.