Dawa ya Tezi na Dawa ya Damu: Usizimeze Pamoja

Mama mpendwa, kama ulipasuliwa goita na munganga alikuambia umeze kidonge cha levotiroksini kila siku, basi somo hili ni lako.

Tezi iko mbele ya shingo. Ndiyo inayoupa mwili nguvu na joto. Ikiondolewa yote, kidonge kile kinachukua kazi yake. Kwa hiyo usikiache hata ukijisikia mzima.

Sasa una mimba. Kwenye kiliniki wamekupa dawa ya kuongeza damu, na hii pia ni ya lazima. Nawe unasema: «Heri nimeze kinini zote mara moja asubuhi, nisisahau.» Mama, hapo ndipo kosa linaanzia! Dawa ya damu ina chuma. Ndani ya tumbo chuma kinashikamana na dawa ya tezi, na matumbo hayawezi tena kuipokea vizuri. Sehemu yake inatoka na choo. Umemeza, lakini ni kama hukumeza yote.

Ubaya wake ni kwamba hautasikia kitu siku ile. Hutatapika, hutaumwa. Baada ya majuma unaanza kuchoka, kusikia baridi, kulala sana, choo kinakuwa kigumu. Majirani watasema: «Ni mimba tu.» Pengine ni mimba, pengine siyo.

Na mtoto je? Katika miezi mitatu ya kwanza tezi yake haijaanza kazi. Ubongo wake unajengwa kwa nguvu ya tezi inayotoka kwako. Wazee wa Kivu na wa kisiwa cha Idjwi wanajua watoto waliozaliwa zamani viziwi, wafupi na wazito wa akili, kwa sababu mama zao walikosa iode. Sisemi mtoto wako atakuwa vile kwa kosa la siku moja, hapana. Lakini usimpunguzie kwa sababu ya saa tu.

Ufanye namna gani? Ukiamka, kabla ya chai na kabla ya muhogo wa jana, meza dawa ya tezi kwa maji matupu. Halafu washa moto, chota maji, fagia uwanja. Ikipita nusu saa, ama vizuri zaidi saa nzima, unaweza kula. Kahawa nayo ingojee. Uji wa masosoya ni chakula kizuri, ila soya inaweza kuzuia dawa hii, basi usiule karibu na kidonge.

Dawa ya damu imeze jioni. Kati yake na dawa ya tezi zipite saa nne au zaidi. Wengine waliopasuliwa wanapewa pia kalsiamu. Nayo inazuia vilevile, tena haipatani vizuri na chuma. Imeze saa sita ya mchana pamoja na chakula. Dawa ya kiungulia nayo ikae mbali saa nne.

Utauliza: «Na dawa ya kifua kikuu, ama ya kifafa?» Nyingine kati ya hizo zinamaliza dawa ya tezi upesi ndani ya mwili, na kutenganisha saa hakusaidii. Usiache hata moja. Mwambie munganga, yeye ndiye atakayebadili kipimo.

Ukisahau siku moja, usimeze mbili kwa pamoja kesho yake.

Tena, usingoje tumbo lionekane. Mara unapokosa damu ya mwezi, njoo. Mama mwenye mimba mara nyingi anahitaji dawa ya tezi kuliko zamani, na damu inapaswa kupimwa laboratwari karibu kila mwezi mpaka katikati ya mimba. Ukija, tia dawa zako zote ndani ya mfuko, hata zile ulizonunua sokoni, hata mizizi uliyopewa na mama mkwe, na useme unameza kila moja saa ngapi. Hakuna atakayekugombeza.