Waskoti katika Upelelezi wa Ncha za Dunia

Swali: Kwa kutumia hoja nne, fafanua mchango wa Waskoti katika upelelezi wa ncha za dunia.

Utangulizi
David Livingstone na Joseph Thomson ni Waskoti waliopita Afrika Mashariki katika karne ya 19. Katika karne hiyohiyo, Waskoti wengine walielekea kwenye barafu ya Aktiki, kaskazini mwa dunia, na baadaye Antaktika, kusini. Mchango wao ni kama ufuatao:

(i) Kutafuta njia ya meli. Uingereza ilitaka njia ya kutoka Atlantiki hadi Pasifiki kupitia kaskazini mwa Amerika. John Ross aliongoza safari ya mwaka 1818. Alirudi mwaka 1829, meli yake ikanaswa na barafu, akakaa huko vipindi vinne vya baridi.

(ii) Kutumia maarifa ya wenyeji. Dk. John Rae, mzaliwa wa visiwa vya Orkney, alikuwa mtumishi wa Kampuni ya Hudson's Bay. Wakati maofisa wengi wa Uingereza walitegemea meli kubwa na chakula kutoka kwao, Rae alijifunza kwa wenyeji kujenga nyumba za theluji, kutembea kwa viatu vya theluji na kuwinda chakula chake.

(iii) Kufichua ukweli. Mwaka 1845 John Franklin, Mwingereza, aliondoka na meli mbili. Yeye na wenzake, jumla watu 129, hawakurudi. Mwaka 1854 Wainuiti walimweleza Rae kwamba wazungu wengi walikufa kwa njaa, na baadhi yao walikula maiti za wenzao. Rae alinunua kwao vijiko na uma vya wasafiri hao kama ushahidi. Habari hizo zilipofika London, mjane wa Franklin na mwandishi Charles Dickens walizipinga vikali. Dickens aliona maneno ya Wainuiti hayaaminiki. Rae hakupewa heshima waliyopewa wapelelezi wenzake. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 wanasayansi walichunguza mifupa ya wasafiri hao, wakakuta alama za visu. Wainuiti walisema kweli.

(iv) Kuendeleza sayansi. William Speirs Bruce aliongoza msafara wa Uskoti kwenda Antaktika, 1902–1904, kwa meli ya Scotia. Walijenga kituo cha hali ya hewa katika kisiwa cha Laurie. Mwaka 1904 kilikabidhiwa kwa Argentina, na kinafanya kazi hadi leo.

Hitimisho
Waskoti walipanua ujuzi wa ramani na sayansi ya ncha za dunia. Waliofanikiwa zaidi Aktiki, kama Rae, walikubali kufundishwa na wenyeji.

Zingatia
- Tumia neno "kugundua" kwa uangalifu. Aktiki ilikuwa na wakazi kabla ya wapelelezi kufika.
- Hoja ya (iii) inafaa pia katika swali la vyanzo vya historia. Inaonesha kuwa masimulizi ya mdomo yana uzito, na kwamba huthibitishwa kwa kulinganishwa na vyanzo vingine, mfano akiolojia.

Jipime
1. Kwa nini taarifa ya Rae ilikataliwa mjini London?
2. Taja ushahidi wa aina mbili uliounga mkono masimulizi ya Wainuiti.