Uzazi, Damu na Tezi Iliyo Chini ya Ubongo

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, imejificha tezi ndogo kama punje ya mbaazi, iitwayo pituitari. Ndiyo inayoziamuru tezi ya shingoni, tezi zilizo juu ya figo, na ovari. Wakati wa ujauzito hukua na kuhitaji damu zaidi. Basi mama akipoteza damu nyingi mno anapojifungua, sehemu ya tezi hiyo huweza kufa. Daktari Harold Sheehan wa Uingereza alilieleza tatizo hili mwaka 1937, nalo hujulikana kwa jina lake. Penye huduma ya uzazi ya karibu limekuwa adimu. Kwa mama anayesafirishwa kutoka kijiji cha mbali cha Sikonge au Kaliua huku damu ikimtoka, hatari ingalipo.

Dalili ya kwanza haina kelele: maziwa hayatoki. Kisha hedhi hairudi, nywele za kwapani hupukutika, baridi humtesa hata juani, na nguvu za kushika jembe humwishia. Wengine hutibiwa upungufu wa damu pekee. Wengine husingiziwa kurogwa, na miaka hupita. Afikapo zahanati, mama na aseme wazi kwamba alitokwa na damu nyingi alipojifungua na hakupata maziwa. Maneno hayo yana uzito kuliko kulalamikia uchovu mara kumi, kwani humpa mhudumu sababu ya kumwandikia rufaa ili apimwe homoni.

Tiba ni vidonge vya kurudisha homoni zilizopungua, navyo kwa kawaida ni vya maisha yote. Mpangilio wake hauna mchezo: kotisoli ikiwa imepungua, haidrokotisoni au prednisoloni hutangulia, ndipo thairoksini ifuate. Thairoksini ikitangulia, mwili huchangamka na kuitumia haraka kotisoli kidogo iliyobaki. Mgonjwa huweza kuzimia, hata kufa. Akipata homa, kama ya malaria, huongeza dozi ya haidrokotisoni kama alivyoelekezwa na daktari, mara nyingi maradufu. Akitapika vidonge, hiyo ni dharura ya sindano, wala haisubiri asubuhi.

Misafara ya kale kati ya Bagamoyo na Ujiji ilijaza akiba yake Tabora. Mgonjwa apandaye treni leo kwenda Kigoma au Dar es Salaam naye abebe akiba ya siku za ziada, mkobani mwake wala si katika mzigo, pamoja na karatasi inayotaja ugonjwa na dawa zake.