Vidokezo 5 vya Kuwa na Kichwa cha Bwana Msa Hapa Songea

Unamkumbuka Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko wa riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar? Silaha yake ni kichwa, na habari njema ni kwamba hata wewe unacho. Twende kazi!

1. Wote wakishamtaja mtu, wewe ngoja
Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), maiti inakutwa mzimuni na watu wanaingiwa na hofu ya mizimu. Bwana Msa anamtafuta binadamu. Kwako je? Simu imepotea, nyumba nzima imeshamtaja dada wa kazi. Taratibu! Ipigie kwanza, kisha inua mito ya kochi. Wezi wengi wa simu huishi humo.

2. Amini macho kuliko mdomo
Kabla ya riwaya, Abdulla alikuwa bwana afya. Kukagua ilikuwa kazi yake. Nawe kagua. Muuza mahindi anaapa kuwa yamekauka? Usibishane naye. Tia mahindi kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu, funga, tikisa kwa nguvu dakika mbili tatu, kisha acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, yana unyevu. Ikidondoka chini, toa hela. Chupa haina undugu na muuzaji.

3. Tapeli anapenda haraka yako
“Ile hela tuma kwenye namba hii.” Umeshaupata ujumbe huo, au wewe bado? Bwana Msa angewasha kiko kwanza. Huvuti? Safi sana, kunywa chai. Kisha mpigie unayemdhania ndiye aliyetuma, kwa namba yake uliyoizoea. Si yeye? Ripoti namba ya tapeli kwa 15040, urudi kwenye chai yako.

4. Tafuta Najum wako
Bwana Msa ana rafiki yake Najum wa kujadiliana naye. Nawe mtafute mmoja, awe jirani wa Bombambili au mwenzako wa kibarazani Mfaranyaki, umsimulie jambo zima tangu mwanzo. Mara nyingi utalikuta tobo la hadithi yako kabla hajafungua mdomo. Ila awe mtu wa kutunza siri, la sivyo kesho Soko Kuu lote lina habari!

5. Jipe nafasi ya kukosea
Mwaka 1984 Abdulla alitoa Kosa la Bwana Msa. Naam, kosa, tena juu ya jalada! Basi andika dhana yako daftarini: “Duka haliuzi kwa sababu jirani ananiroga.” Chini yake andika swali linaloweza kuiangusha: “Wateja wa asubuhi wanakuta nimefungua?” Wiki moja ya kuangalia saa itakujibu bila kumlipa mganga.

Anza na kimoja leo. Na wikiendi hii azima kitabu kimoja cha Bwana Msa. Ukimgundua mhalifu kabla yake, tafadhali usimwambie anayesubiri kukisoma!