SOMO: BREKI YA MKONO YA MAFUTA NA HEWA IBAKIAYO NDANI YAKE



Nilipokuwa nikikagua hesabu za chama kimoja cha msingi katika milima ya Uporoto, nilikuta hati ya malipo ya "handibreki mpya". Pikapu yenyewe ilikuwa nje, kwenye mteremko wa ghala, imepakia viazi. Kabla sijaifunika hati ile, gari liliteremka peke yake hadi ukutani. Mpakiaji mmoja alikuwa ametoka hapo punde tu.

Fundi alikuwa ameondoa waya wa asili, akafunga breki ya mkono itumiayo mafuta, kama ya magari ya mashindano. Chombo hicho kina silinda yake ndogo, nacho hufungwa katikati ya bomba litokalo silinda kuu kwenda magurudumu ya nyuma. Dereva wa mashindano huivuta kwa muda mfupi tu, ili magurudumu ya nyuma yajifunge kwenye kona kali. Haikuundwa kushikilia gari lililoegeshwa. Mafuta yakipoa hunywea, au yakivuja kidogo kupita mpira wa pistoni, nguvu hupungua na gari huondoka. Waya wa asili usiondolewe kamwe.

Kosa la pili lilikuwa hewa. Mafuta hayashindiliki, lakini hewa hushindilika. Ndiyo maana kanyagio lilikuwa laini kama sifongo. Gari la namna hiyo likishuka Kitonga au Iwambi, sitaki kufikiri yatakayotokea.

Kuitoa hewa huhitaji watu wawili. Silinda ifungwe tundu la kutokea likielekea juu, na mkono ukiachwa, pistoni irudi mpaka mwisho. Isiporudi, njia ya mafuta huziba na breki ya mguu haifiki nyuma. Chombo cha mafuta kijazwe. Anzeni na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na silinda kuu. Vikeni mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea hewa, ncha ya pili izame katika mafuta ndani ya chupa. Mmoja akanyage na kushikilia. Mwingine alegeze skrubu kidogo, kisha aifunge kabla mguu haujainuliwa. Rudieni hadi mapovu yakome, kisha fanyeni vivyo hivyo kwa kuvuta mkono. Chombo kisiachwe kikauke, la sivyo kazi yote huanza upya.

Tumieni mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kutoka kopo lisilofunguliwa zamani, kwani hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya injini huharibu mipira. (Malori makubwa hutumia breki za upepo, somo hili si lao.)

Katibu asitie saini hati ya fundi kabla gari lenye mzigo halijasimama mteremkoni nusu saa kwa waya peke yake, mawe yakiwa yamewekwa hatua moja chini ya magurudumu.